Nani Amekuweka kwa Marehemu?

Jumatatu, 3 Juni

Dada yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hospitali? Maumivu yamepungua? Unakula? Mimi mzima, cherehani nzima, ila moyo ndio haujatulia, na sababu nitakueleza usikasirike.

Novena yako imeingia siku ya tatu. Tunasali kwangu saa kumi, wanawake wanane wa jumuiya wamepiga magoti katikati ya vitambaa vya wateja. Lakini jana kwenye misa Katekista alisoma wagonjwa, jina lako sikulisikia. Nikasema labda amesahau. Akageuza karatasi, akaanza marehemu, na wewe ukawa wa pili, baada ya yule mzee fundi saa tuliyemzika Aprili. Kanisa zima likaguna. Wewe hai, tena umeniletea barua juzi! Padri akaendelea na misa kama hakusikia.

Nilimfuata Katekista sakristia. Akasema ni makosa. Nikamwambia haya, nionyeshe karatasi uliyopewa. Akaifunika kwa kiganja, akadai nia ya misa ni siri ya aliyeiandika. Niliwahi kuona mstari mmoja tu: wino wa buluu, herufi zimelalia kushoto. Dada, hayo si makosa. Kuna mtu kakuandika kwa mkono wake, akatoa na sadaka. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu. Nitampata.

Jambo jingine: barua yako ya juzi si mwandiko wako. Nani anakuandikia?

Mdogo wako


Alhamisi, 6 Juni

Mdogo wangu,

Milele amina. Leo nimeamka afadhali, uji umekaa tumboni. Anayeandika ni muuguzi wa zamu ya mchana, mimi namtamkia tu, maana mkono wangu wa kulia umevimba. Anacheka hapa, anaomba umtoe kwenye orodha ya washukiwa.

Upasuaji ni Ijumaa ya tarehe 28. Daktari hakunificha: uvimbe umeshika ini, na mpaka wafungue hawajui kama utatoka. Naogopa, mdogo wangu.

Hilo la majina liache. Mtu akitajwa mbele ya Mungu, kwa orodha yoyote ile, amepunjwa nini? Wageni wanaingia saa nane mpaka saa kumi na moja. Mimi ni kitanda cha dirishani.

Dada yako


Jumanne, 11 Juni

Dada,

Shikamoo. Pole na maumivu. Unapata usingizi? Mimi sipati, lakini kwa faida: nimempata.

Niliwaambia wanawake wa jumuiya kwamba nawashonea sare mpya, kila mmoja aniandikie vipimo vyake mwenyewe ili nisikosee. Tangu lini fundi akaandikiwa vipimo na mteja? Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Saba wameandika wima. Mmoja kalaza kushoto: Mama Tarumbeta, jirani yako huyo mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kumbe anatumia mkono wa kushoto. Na kiuno kajipunguzia inchi nne, kwa hiyo uongo si jambo geni kwake.

Kumbuka nani alichukua nafasi yako kwenye kwaya ulipoanza kuugua. Kumbuka nani analia kuliko wote tukifika kwenye litania. Machozi yote hayo ya nini, kama hafichi kitu? Ijumaa, siku ya saba, nilimuuliza mbele ya wote, tukiwa magotini. Alikusanya rozari yake akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja mpaka nikabaki na cherehani. Novena imekatikia hapo. Siwezi kusali na mnafiki, na Mungu hawezi kunidai hilo.

Sasa niambie ukweli. Kabla hujaondoka mligombana naye? Usimfichie siri.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Juni

Mdogo wangu,

Salamu utanisamehe leo. Hii naandika mwenyewe, imenichukua siku mbili. Tazama mwandiko.

Ndiyo, umelalia kushoto. Ni mimi.

Wiki ile ya kuondoka, nikiwa kitandani na mkono umeshaanza kuvimba, nilijiandikia misa ya marehemu kwa mkono wa kushoto. Sina mume, sina mtoto. Nikasema nani atakumbuka kuniombea misa mwaka ukipita? Nilimpa Katekista bahasha, aiweke mpaka habari ifike. Akaichanganya na za Jumapili. Alipogundua kosa lake akanitunzia siri, maskini, akakubali wewe umwite mwongo.

Utauliza kwa nini sikukupa wewe. Kwa sababu nakujua. Ungetafuta wa kulaumiwa badala ya kukaa na mimi, na ndivyo ulivyofanya.

Mama Tarumbeta ndiye aliyenifulia mashuka wiki tatu. Nilimwomba asiseme kwa mtu, niliona aibu. Jumamosi iliyopita alikuja hapa, safari ya kutwa nzima kwenye basi, akanilisha kwa kijiko akarudi. Ulikuwa umemwaibisha jana yake, na hakunigusia hata neno. Nimeyajua kwenye barua yako.

Wewe umenijazia kurasa, lakini uso wako sijauona. Mbona huji?

Dada yako


Ijumaa, 28 Juni, saa tano asubuhi

Dada yangu,

Hali yako kwa sasa anaijua daktari na Mungu, kwa hiyo salamu zangu zikungoje.

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki iliyopita. Jioni ile ile nilikwenda kwa Mama Tarumbeta nikapiga magoti mlangoni. Akasema, "Inuka, fundi, utachafua sketi." Hakusema amenisamehe. Alisema novena inaanza upya kesho, nyumbani kwake, na nisichelewe.

Nakiri kwako kabla ya padri: zile siku saba za kwangu sikukuombea hata mara moja. Wenzangu walifumba macho, mimi nilikuwa nawachungulia. Mdomo unasali, macho yanatafuta mwizi. Niliogopa, dada. Niliona nikimpata mbaya wako, ugonjwa utaondoka naye. Na kuja kukuona umekonda sikuthubutu. Kwa Mama Tarumbeta nilifumba macho siku nane. Ya tisa nimeisalia jana usiku ndani ya basi.

Basi lilipasuka tairi. Nikamshuku dereva, nikajikataza. Nimefika saa nne. Walikuwa wamekuingiza saa tatu. Saa moja tu, dada, na nimelia mbele ya watu nisiowajua.

Muuguzi wako ameniuliza mimi ni nani kwako, kwa sababu hapa wanakaa ndugu peke yao. Nikamwambia sisi ni tumbo moja, ingawa undugu wetu ni wa jumuiya tu. Alinitazama, akaingia ndani, akarudi na fomu ya ndugu wa karibu. Sehemu ya jina ilikuwa tupu. Nimeijaza na kutia sahihi, na uongo huo sitauungama kwa padri yeyote.

Barua hii nampa aiweke chini ya mto. Ukizinduka usihangaike kuisoma. Niite tu, niko hapa nje mlangoni.

Ndugu yako wa tumbo moja