Rafadha ya Pangoni

Jumamosi, 4 Februari 1956

Leo tena boti imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Injini inanguruma mpaka Gazi wanaisikia, omo, pua ya boti, haiinuki. Nimefika Msambweni, lori la samaki limeshaondoka kwenda Mombasa. Bwana Nasoro, mwenye boti, alikuwa amesimama pwani na kanzu yake. Anahesabu makapu kwa kidole. Akihesabu hivyo ni vibaya.

Nikamwambia kosa si la nahodha. Ni la rafadha. Akauliza rafadha ndiyo nini. Mtu hajui mali yake mwenyewe. Nikamwonyesha kile chuma cha mabawa matatu nyuma ya injini, kinachosukuma maji. Nikamsomesha: mabawa yamepinda mno, kila mzunguko yanataka kumeza maji mengi, na injini yetu ndogo haina pumzi hiyo. Ikiwa tupu inakwenda. Wavuvi wa ngalawa wakishanipakilia chewa na nguru huko nje ya mwamba, basi, inatambaa.

"Shule umeiachia darasa la nne," akasema, "leo umekuwa injinia."

La tano. Nilifika la tano.

Amenipa mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Siku hiyo lori likinipita, boti anapewa Kassimu, mtoto wa nduguye. Kassimu anaogopa hata kaa.

Jumatatu, 6 Februari

Mombasa kwa lori, juu ya makapu. Mhindi wa duka la vyuma ameniazima rafadha mbili nijaribu, nirudishe hata kama zimekwaruzika, lakini zisikwaruzike. Nimemwelewa.

Moja mabawa yake yamelala, hayakupinda sana. Ya pili imepinda kuliko hata ile yetu.

Mjomba Rashidi ameziona nikiingia nazo nyumbani. Akageuza uso ukutani. Nakaa kwake tangu mama alipofariki, na sijamwona hata siku moja akipanda chombo cha injini. Yeye na malema yake ya kutegea samaki, kwa miguu, juu ya mwamba. Nikipita na boti huziba masikio. Namwita mjomba kobe. Hucheka kidogo.

Jumatano, 8 Februari

Nimejaribu zote. Anayebisha aje nimfundishe.

Iliyopinda sana: boti tupu, inapaa. Ukipakia, injini inakohoa na kuzima. Hapana.

Iliyolala: inainua omo upesi hata na mzigo. Lakini mwendo ukifika kati, injini inalia juu bure, kama mtu anayekimbia mahali pamoja.

Kisha nikagundua siri nyingine. Injini ilikuwa imefungwa juu mno kwenye ubao wa tezi, huko nyuma. Rafadha inavuta hewa badala ya maji. Nikachonga ubao, nikaiteremsha upana wa vidole viwili. Nikatia kabari, ikalala vizuri zaidi. Kelele imepungua nusu. Hakuna aliyenifundisha. Kichwa changu tu.

Ile iliyolala ingefaa, tukiinunua. Bwana Nasoro kasema hanunui chuma juu ya chuma. Nimezipeleka kwa dereva wa lori azirudishe.

Nimebaki na ile yetu ya zamani, ina pengo kwenye bawa moja. Nati yake imelika, naikaza kwa kamba.

Najua iliko rafadha nyingine. Nimeijua tangu utotoni.

Jumapili, 12 Februari

Nimeichukua.

Maji ya bamvua, bahari imekauka mpaka mbali. Nikapita chini ya jabali hadi kwenye pango la mzimu. Marehemu bibi alikuwa akinipeleka pale, yeye na chupa ya marashi na kitambaa cheupe. Mtu hupiga hodi kwanza, huacha kitu, hutoka bila kugeuka nyuma. Hakuna anayechukua. Hata mwizi wa kuku hachukui.

Ipo bado, juu ya kijukwaa cha jiwe, katikati ya vyungu vilivyovunjika. Shaba tupu, mabawa matatu, na nati yake ya shaba bado imo. Sijui ya nani. Mtu aliiweka nadhiri akaenda zake.

Sikupeleka marashi. Nilisema, "Hodi wenyewe, nimekuja kuazima," nikacheka. Mwangwi ulichelewa. Kicheko changu kilirudi nikiwa nimeshanyamaza, nimeshatoka nje.

Jiwe lote lilikuwa kavu. Chini ya rafadha palikuwa na maji.

Jumatatu, 13 Februari

Imeingia kwenye injini yetu kama iliyopimwa. Tundu la pini limekaa sawasawa. Nimeikaza kwa nati yake ya shaba, nati yetu mbovu nimeitupa baharini.

Wallahi, boti imeruka. Nimepakia mpaka maji yakakaribia ukingo, na omo ikainuka kama si kitu. Wavuvi wamesimama kwenye ngalawa zao kuniangalia. Nikawapungia mkono kama gavana. Lori nimelingoja mimi, si lori kuningoja. Bwana Nasoro kanipiga begani. Kassimu alikuwapo, anatazama miguu yake.

Mambo mawili ninayaandika hapa tu.

Moja. Inavuta kushoto. Rafadha nyingi huvuta upande, hilo ni la kawaida. Lakini nikitoka nje inavuta kushoto, na nikirudi inavuta kulia. Yaani kila mara inavuta upande wa jabali.

Mbili. Baada ya kushusha samaki niliipeleka boti kuitia nanga, mimi peke yangu, tupu. Naijua inavyokaa nikiwa peke yangu, inainamia kidogo mkono wa kulia ninapokaa. Leo ilikaa sawa. Ilikaa ya watu wawili.

Mjomba alikuwa pwani na malema. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Hakuziba masikio pia. Aliuliza:

"Umekuja na nani, mpwa wangu?"

"Peke yangu, mjomba."

"Huyo aliyekaa kushoto kateremkia wapi?"

Nikamwambia uzee huo na jua. Hakucheka.

Jumanne, 14 Februari

Mkono unauma, nitaandika polepole.

Nilitoka mapema kidogo kabla ya adhuhuri. Jua la utosi, bahari kimya, hakuna ngalawa karibu. Bibi alikuwa akisema saa hiyo si ya watu. Nilikuwa nikimcheka.

Ubao wa kukalia wa kushoto ulikuwa umelowa. Nikaufuta kwa shati. Nikageuka kuangalia njia, nikatazama tena. Umelowa. Si rasharasha ya mawimbi, maana hapakuwa na wimbi. Umelowa mahali pa mtu kukaa, na chini yake mahali pa miguu.

Ndani ya sauti ya injini palikuwa na sauti nyingine. Kama mtu anayepumua baada ya kupiga mbizi.

Nikazima injini nisikilize vizuri. Sauti ya injini ikafa. Ile nyingine haikufa. Na boti ikaendelea. Nikasema ni mkondo wa maji. Nikatema mate, mate yakabaki nyuma. Hapakuwa na mkondo. Tulikuwa tunakwenda polepole, omo imeelekea jabali.

Nasema tulikuwa.

Nikainua injini, rafadha ikatoka majini. Inazunguka. Injini imezimwa, mrija wa petroli nimeufunga, na shaba ile inazunguka hewani taratibu, inadondosha maji. Nikaishika kwa mkono mtupu. Imenikata kiganja, kisha ikatulia. Nimerudi kwa kasia. Nilikuwa naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nililia.

Mjomba alinifunga jeraha kwa kitambaa. Akauliza umeitoa wapi, na alikuwa anajua. Ndipo aliposema. Zamani alifanya kazi kwenye boti ya Mzungu mmoja, yeye na rafiki yake Sefu. Mjomba anashika injini, Sefu anakaa mkono wa kushoto. Walipiga mwamba, boti ikavunjika. Mjomba alishikilia ubao mpaka asubuhi. Akaweka nadhiri: akifika nchi kavu, hatagusa tena chombo cha injini, na chuma kile hakitafanya kazi tena. Bahari ilipokauka aliikuta rafadha juu ya mwamba. Akaipeleka pangoni. Sefu hakupatikana.

"Na wewe umempigia honi," akasema, "kwamba chombo kinaondoka."

Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jumatano, 15 Februari

Tumeirudisha. Maji yalichelewa kukauka, tukangoja juani. Mjomba alibeba marashi na kitambaa cheupe, mimi nilibeba rafadha kwa mikono miwili. Nilipiga hodi ya kweli. Nikaomba radhi, jina la Sefu nikalitaja. Nikatoka bila kugeuka.

Boti nimeirudishia ile ya zamani, yenye pengo. Keshokutwa ni Ijumaa. Najua kitakachotokea. Bwana Nasoro nikimwambia ataona nimevuta bangi.

Ijumaa, 17 Februari

Kimetokea. Omo haikuinuka. Nilipunguza mzigo, nilibadili kabari, nilisogeza makapu mbele. Lori nililiona mgongo.

Bwana Nasoro kauliza ile ya shaba iko wapi. Nimesema si yangu, nimerudisha kwa mwenyewe. Akasema mwenyewe ni nani aende akanunue. Nikatazama jabali. Kanitoa ufunguo wa kibanda cha injini mkononi, mbele ya watu, akampa Kassimu.

Ningeweza kuwa nayo leo. Ningelikuta lori.

Jumamosi, 25 Februari

Nimesuka malema wiki nzima. Vidole vimeota sugu. Mjomba ananiita injinia wa fito. Namwachia.

Kila siku naangalia boti inavyopita. Sijamwambia mtu. Kassimu yuko peke yake mkono wa kulia, na boti imekaa sawa.

Nimejiambia amebeba barafu upande wa pili. Nimejiambia mengi.

Leo magharibi kaja mlangoni, kavua kofia. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumkoga, kumringia. Akasema, "Ndugu yangu, ulipokuwa ukiendesha peke yako, ule ubao wa kushoto ulikuwa ukikauka?"

Nikaweka lema chini. Nikamtazama uso. Hajalala siku nyingi huyu.

Ndipo nilipokumbuka. Nati. Rafadha ya zamani nimeikaza kwa nati ya shaba, maana ile mbovu niliitupa. Tulirudisha mabawa, nati yake tukabaki nayo. Kassimu amekuwa akimchukua Sefu kila siku, kwenda na kurudi, kwa sababu yangu.

Ningeweza kumwambia ni uoga wake wa kaa. Angeacha boti mwenyewe, nami ningerudishiwa. Nilifikiri hivyo, sikatai. Halafu nikamwambia akalete spana.

Jumapili, 26 Februari

Bamvua imerudi. Tumekwenda watatu asubuhi. Kassimu alitangulia na marashi. Mwoga, lakini alitangulia.

Kijukwaa kilikuwa kikavu kote isipokuwa chini ya rafadha. Nikaizungushia nati yake kwa mkono. Ilijikaza yenyewe mwisho kidogo. Hilo sikuwaambia.

Mjomba alikaa pale muda, akazungumza na Sefu kwa sauti ya chini, mambo ya kawaida. Bei ya samaki. Nani kaoa, nani kafa. Nikasikia na jina langu, wakacheka. Nasema wakacheka. Mjomba alicheka, na mwangwi haukuchelewa.

Jumanne, 28 Februari

Kassimu kamwambia ami yake hataendesha bila mimi, na bila ile rafadha ya Mhindi iliyolala. Bwana Nasoro kapiga kelele, kisha kanunua. Nimeifunga kwa nati mpya. Injini chini, kabari moja. Mlio sawa, wa injini tu.

Ufunguo ni wa Kassimu bado. Ni yeye anayeshika mkono wa injini. Anakata kona vibaya, nitamfundisha. Mimi nakaa kushoto.

Lori tumelikuta.

Wakati wa kurudi kutia nanga boti ilikuwa tupu, sisi wawili tu, na imekaa sawa. Njia nzima niliweka kiganja juu ya ubao, kando yangu. Mkavu. Kassimu aliniona, akatazama mbele.