Baiskeli Iliyokanyagwa na Ngamia

Jumapili, 7 Desemba 1997

Nimeivunja. Si mimi hasa, ni ngamia. Lakini ni mimi.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi nilikwenda kambi ya mifugo ya adeer Alio, kaka yake marehemu baba, kuchukua maziwa ambayo mama huyauza sokoni. Ndiyo kazi yangu kila siku ya likizo. Kilomita kumi na mbili kwa barabara ya Modogashe, halafu unachepuka kwenye mchanga. Rahmo, mke wa adeer, alikuwa hajamaliza kukama. Nikailaza baiskeli chini kwa sababu stendi ilikatika tangu Agosti. Nikakaa na kitabu changu cha historia. Nilikuwa nimefika kwenye mapinduzi ya viwanda. Sikusikia kitu.

Ngamia wa Awil, mwenye duka hapa mjini, hupita hapo kwenda dimbwini. Mmoja akaikanyaga. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu anavunja kuni za chai.

Gurudumu la mbele limekunjika kama chapati. Foku, ile panda inayolishika, imekwenda upande. Ngamia hata hakuchechemea.

Ayanle, mtoto wa adeer, ndiye anayechunga ngamia wa kwao. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nimsamehe ngamia, ni mara yake ya kwanza kupanda baiskeli. Kisha tukaibeba mabegani mpaka barabarani, nikapata lori la kuni. Maziwa yalifika sokoni saa sita, wateja wameshaondoka.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu: "Maziwa ndiyo karo, Siyad. Unalijua hilo."

Nalijua.

Jumatatu, 8 Desemba

Kwa Guleid, fundi wa baiskeli hapa mtaani Iftin. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari. "Buda, hii ilikanyagwa na nini, ndovu?" Vijana waliokuwa wanajaza upepo wakacheka. Mimi hujibu nikishafika nyumbani.

Foku inanyoosheka, amesema. Rimu, lile duara la chuma, imekwisha. Rimu mpya haipo mjini. Barabara ya Nairobi imekatika ng'ambo ya daraja, mto umekula kila kitu, hata sukari inakuja kwa ndege. Duka moja linayo moja tu, imetundikwa ukutani. Kabla ya mvua ilikuwa shilingi mia tatu na hamsini. Sasa mia tisa.

Nilisimama nikaitazama kama dakika tano. Mwenye duka akaniuliza kama naiombea dua.

Ijumaa, 12 Desemba

Leo kesi yetu imesikizwa. Wazee watatu, mkeka nyuma ya duka la Awil, birika la chai ya maziwa.

Mnyama akiharibu mali ya mtu, mwenye mnyama hulipa. Hilo halina ubishi kwetu. Adeer alikuja kutoka kambini kutusemea, akadai mbuzi wawili. Awil hata hakukataa. Alikuwa anakoroga chai yake. Nikaanza kuhesabu moyoni: mbuzi mmoja ni rimu na foku, wa pili ni nusu ya karo. Nilifurahi mapema.

Mzee mwenye ndevu za hina akanigeukia. Aliuliza baiskeli ilikuwa imesimama au imelala. Kila mtu akanitazama.

Imelala, nikasema.

Wapi?

Njiani.

Njia ya ngamia?

Ndiyo.

Na wewe ulikuwa wapi?

Nikasema nilikuwa nasoma. Nilisema kwa sauti ndogo sana mpaka ikabidi nirudie, na mara ya pili ikatoka kubwa kupita kiasi.

Awil akacheka, wala si kwa ubaya. "Basi kitabu nacho kilipe nusu." Wazee wakacheka pia. Lakini ndivyo walivyokata. Mbuzi mmoja.

Njiani adeer alikuwa mbele, fimbo mabegani. Karibu na msikiti akasimama. "Hakuna aliyekutaka useme uongo. Lakini mtu anaweza kusahau." Nikasema nilikuwa nakumbuka. "Ndiyo shida yako," akasema.

Nyumbani akamwambia mama wazi, mimi nikiwepo. Ramadhani watu watataka maziwa ya kufuturu. Kama sina baiskeli Ramadhani ikianza, atampa mtu mwenye pikapu aliyekwisha kuuliza. Na kama maziwa hayaji kwa mama, karo haipo, basi nikakae kambini nichunge. Ngamia ni arobaini na Ayanle ni mmoja. "Kusoma ameshasoma. Kidato cha pili si mchezo. Anaweza kuandika barua."

Mama akasema shule inafunguliwa tarehe tano Januari. Tungoje tarehe tano.

Jumamosi, 13 Desemba

Ayanle ameleta mbuzi wa Awil. Jike, mweupe, kichwa cheusi, ana mimba. Ametembea naye tangu alfajiri, kilomita zote zile, ili nisiende mimi. Dada yangu Deka, ana miaka tisa, ameshampa jina. Anamwita Rimu. "Rimu, njoo unywe maji." Nimemwambia asimzoee.

Jumanne, 16 Desemba

Hakuna mnunuzi. Nimekaa soko la mifugo tangu saa moja mpaka adhuhuri na kamba mkononi. Tulikuwa wengi hivyo hivyo, kila mtu na kamba yake, tunatazamana. Malori ya Nairobi hayavuki. Halafu kuna huu ugonjwa. Mbuzi wanatupa mimba, kondoo waliokuwa wazima jana tu wanakufa. Watu wanasema mto umeleta mbu wa aina nyingine.

Nikampelekea Guleid, achukue mbuzi atengeneze baiskeli. Akacheka kwa huzuni. "Nimle vipi? Mke wangu ameacha hata kununua nyama ya mchuzi."

Kwa hiyo tumelipwa, na hatuna kitu.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku ya kumi na mbili bila kwenda kambini. Mama anauza maji ya barafu na ndimu. Mvua ikinyesha nani anataka barafu.

Jumapili, 21 Desemba

Rimu amekufa.

Alianza usiku. Asubuhi Ayanle alipita, alikuwa amekuja mjini kununua chumvi. Akakunja mikono ya shati, akajaribu kuvuta mtoto. Mtoto alitoka ameshakufa, na damu nyingi, haikukoma. Rimu mwenyewe akafuata kabla ya saa nne. Ayanle alisema kule kambini ameshazika mbuzi kumi na wanane. Alisema kama mtu anavyosema amekunywa vikombe viwili vya chai. Alinawa kwa maji ya birika, akanywa chai, akaniuliza nasoma nini sasa. Nikamwambia sisomi.

Deka amelia mpaka akalala. Mimi nilichimba shimo. Nilikuwa nafikiri mia tisa, mia tisa, huku nachimba. Nimejiona mtu mbaya.

Jumatano, 24 Desemba

Nimekwenda kwa Guleid nikamwambia ukweli: sina pesa, sina mbuzi, nifundishe. Maneno haya niliyafanyia mazoezi njia nzima na bado nilisema "tafadhali" mara tatu.

Guleid akanisukumia debe la nati, misumari na spoku za zamani, zile njiti za gurudumu, nizipange kwa ukubwa. Nikimaliza nitumie vifaa vyake. Rimu ile ile iliyokunjika, hakuna nyingine.

Foku aliinyoosha mwenyewe. Aliiingiza kati ya nondo mbili za lango la duka akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Rimu tuliilaza juu ya mawe manne, tukairukia. Sasa haifanani na chapati. Inafanana na nambari nane.

Ijumaa, 26 Desemba

Nilijua nitakachofanya. Fizikia, sura ya nguvu: kila spoku ikivuta sawa na mwenzake, gurudumu litakuwa sawa. Nikazikaza zote, mizunguko miwili kila moja, nikihesabu. Ya thelathini na moja ikakatika. Kisha nyingine, ikanipiga kidevuni. Gurudumu likazidi kupinda.

Guleid hakunigombeza. "Hiyo fizikia yako haijawahi kukanyagwa." Akanionyesha. Kitu kilichopinda hakikazwi sawa. Unalegeza upande mmoja kwanza, kisha unakaza wa pili, kidogo, robo mzunguko, unangoja. Unaigonga spoku kwa ukucha, unasikiliza.

Nimesikiliza spoku siku nzima. Vidole vimechubuka, siwezi kushika kalamu vizuri. Tazama mwandiko huu.

Jumapili, 28 Desemba

Kiungo cha rimu kimepasuka. Nilikiona nikataka kuitupa mtoni yote.

Nimekata bati la mkebe wa mafuta ya msaada, nikalizungushia pale kwenye ufa, Guleid akalipigilia misumari ya ribiti. Maneno "si ya kuuzwa" yanasomeka yakizunguka. Tyubu ina viraka tisa. Ndani ya tairi, palipotoboka, nimeweka kipande cha ndara ya zamani.

Linayumba. Lakini linazunguka.

Jumanne, 30 Desemba

Jana watu walipiga kura. Mama alirudi na wino kidoleni na miguu imejaa matope.

Huenda mwezi ukaonekana leo. Guleid amesema nisiipande bado. Spoku zilizokazwa upya zinataka siku mbili tatu za kutulia, kisha anikazie mara ya mwisho. Nikimbie sasa ivunjike njiani, au ningoje nichelewe? Nimengoja. Nimefanya alivyosema fundi.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Tunafunga. Mwaka mpya, sijui kwa nani.

Jioni majirani walikuja kuuliza maziwa ya kufuturu. Watano. Mama aliwaambia kesho kutwa, inshallah. Aliniangalia alipokuwa anasema inshallah.

Jumamosi, 3 Januari

Nimerudi sasa hivi. Magharibi bado kidogo.

Baiskeli imefika. Kilomita kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi, kwenye matope na mchanga, nimefunga, na gurudumu halikukatika. Likipita pale kwenye bati linagonga foku, tak, kila mzunguko. Njia nzima tak, tak. Kwenda nilikuwa karibu nicheke.

Kambini hakuna maziwa yetu. Rahmo aliniambia kabla sijashuka. Mtu wa pikapu amelipa maziwa ya Ramadhani yote kwa mkupuo mmoja, juzi Alhamisi. Adeer hakuwa na njia nyingine. Ayanle alikuwa na homa tangu Jumatatu, Alhamisi akaanza kutoka damu puani na kwenye fizi. Pikapu ile ile ndiyo iliyompeleka hospitali, pamoja na vibuyu vya maziwa. Adeer amekwenda naye. Hawajarudi. Sisi tuko mjini karibu na hospitali, na hatukuambiwa.

Ngamia walikuwa na Osob, mdogo wake Ayanle. Ana miaka minane. Nilimwona kwa mbali, anakimbia upande huu, ngamia wanakwenda upande ule.

Rahmo hakuniomba kitu. Angeniomba ningeweza kusema Jumatatu shule inafunguliwa. Nilikuwa na sentensi tayari. Alinijazia kibuyu kidogo, akasema hiki ni cha nyumbani, si cha kuuza. Kisha akaingia ndani, akatoka na fimbo ya Ayanle, akaichomeka kwenye keria nyuma ya baiskeli, chini ya mpira, akaufunga mara mbili ili isidondoke. Akanitazama.

Nikasema, "Haye."

Sijui nilikuwa nakubali nini. Pengine nilikuwa nasema tu nimeona. Lakini nilisema haye, na yeye akasikia haye.

Nilipofika, mama alikuwa ametoka hospitalini, jirani ndiye aliyemwambia kwamba Ayanle yuko huko. Ayanle hakumtambua. Wamemtenga, wauguzi wanavaa mifuko mikononi. Alinieleza haya yote akiwa amesimama mlangoni, akanisimulia mpaka mwisho, na fimbo ilikuwa kati yetu kwenye keria. Hakuiuliza.

Deka anajaribu kupanda baiskeli uani. Tak, tak. Anaita, Siyad, imepona, njoo uone.

Mama ameifungua ile fimbo. Nimemwona kupitia dirisha. Ameifuta matope kwa pindo la shuka yake, polepole, kutoka juu mpaka chini. Sasa ameingia nayo. Ameiegemeza ukutani, juu ya sanduku langu la vitabu, akasimama. Akaiondoa. Anayo mkononi, anatafuta pa kuiweka. Chumba hiki ni kidogo.

Ananiita nikalete tende. Naandika ili mama asiniulize nilimjibu nini Rahmo.