Vitambaa vya Nekesa

Mama,

Nimekukasirikia. Nakuambia hilo kabla ya salamu kwa sababu ungekuwa hai ungenikatiza katikati uniulize kama nimekula.

Unakumbuka chumba chetu cha mbele pale Bondeni, wasichana wamejaa, kila mmoja akingoja zamu yake ya cherehani? Uliwafundisha wote. Mimi nikisogea tu, unanichapa kidole kwa utepe wa kupimia. "Toka hapo. Wewe soma." Basi nikasoma. Leo ninafundisha kemia, na sijui uzi wa chini wa cherehani hutoka wapi.

Nilipoolewa ulinishonea vitambaa kumi na viwili vya mezani, vyeupe, vya wageni kufutia mikono. Mdogo wangu Nekesa alikuuliza vyake viko wapi, ukamwambia vitakuja. Ukaugua, ukatuacha, havikuja. Siku ya matanga alilia kwamba hata kitambaa kimoja hukumwachia, nami, mama, nikadanganya. Nikamwambia ulivishona, viko kwangu sandukuni. Miaka mitatu nimelikwepa hilo sanduku. Halafu mwezi uliopita akapiga simu: wakwe wanaleta mahari Jumamosi, nimpelekee vile vitambaa vya mum.

Ningempa fundi, lakini mafundi wa Bondeni ni wanafunzi wako, na Nekesa angepata habari kabla ya jioni. Kwa hiyo nikaibeba cherehani yako hadi kwangu mtaa wa Free Area na kuanza mwenyewe. Vyangu vilikwisha zamani, cha mwisho mume wangu alifutia injini ya gari, kwa hiyo sikuwa na cha kuiga. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wasichana: shubiri mbili na vidole vitatu, kisha unakunja. Nikapima hivyo, nikakata vyote kumi na viwili, nikakunja, nikashona. Vikatoka vya kufutia watoto kamasi. Shubiri ilikuwa yako, mama, na mkono wangu ni mdogo kama wa baba. Mwanamke mzima na cherehani yako, hukuwahi kununua rula?

Nikanunua kitambaa kingine. Uzi ukakatika, sindano ikavunjika, pembe zikakataa kukaa. Nilifumua kona moja mara tano hadi nikaitukana, na nikakutukana na wewe kidogo. Unisamehe, au usinisamehe.

Ijumaa mchana nikampelekea. Nilikuwa nimevipiga pasi mpaka basi. Nekesa akachukua kimoja, akakigeuza, akatazama upindo.

"Hizi umeshona wewe," akasema.

"Nekesa, mum ali..."

"Wachana na hiyo. Mum aliniambia akiwa wodi. Alisema yeye hataweza, lakini nisijali, wewe utanishonea."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie ukweli."

Nilikaa chini. Yaani uliahidi kwa mikono yangu, mikono ambayo hukuiruhusu hata iguse pedali, kisha ukanyamaza ukaenda zako. Ungenifundisha hata kutunga uzi kwenye sindano, ungepungukiwa nini? Nilikuwa na hasira hadi machozi, na Nekesa alikuwa akicheka.

Jumamosi wageni walivitumia vyote. Kimoja kilianza kufumuka mkononi mwa mzee wa upande wa wakwe, naye kwa heshima akauliza ni nani fundi wa nyumba hii. Nilitamani kujificha jikoni. Nekesa akasimama mbele ya watu wote, kichwa juu, akamjibu: "Mum alishonea sister yangu. Zangu nimeshonewa na sister yangu."

Ni mimi,
binti yako mkubwa