Kabla Hamjarudi Nyakabiga

Buyenzi, Avenue ya 14,
Bujumbura.
Jumapili, 27 Juni 2004

Mpendwa mdogo wangu Aboubacar,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii iwakute wote wanne mkiwa wazima huko Liège, wewe, wifi yangu Candide na watoto. Kifua cha Loïc kimepona? Candide aliniambia kwenye simu kwamba alikohoa wiki nzima na hakwenda shule. Mpeni asali na tangawizi, hata kama daktari wa huko hataki kusikia habari za tangawizi.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mama magoti yanamsumbua na macho yamepungua nguvu, ila sauti ni ile ile, anatuamrisha kama zamani. Shaabani bado yuko kwenye gereji kule Zone Industrielle, penye viwanda. Anasema nafasi ya fundi wa umeme waliyokuahidi haijajazwa, na bosi wake anamwuliza huyu mume wangu kila Jumatatu kama ana habari zako. Mvua imekwisha, vumbi limeanza, na milima ya Congo haionekani tena ng'ambo ya ziwa.

Barua yako ya mwezi wa tano ilinifikia salama. Unataka kurudi na watoto kabla shule hazijafunguliwa, na ukaniomba nikatazame kiwanja chako, ile parseli ya Carama, kisha nyumba ya marehemu Baba kule Nyakabiga, nikuambie wapi panafaa kukaa na watoto. Ukamalizia: "Dada, niandikie ukweli, usinifiche kama mtoto." Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Basi kaa chini, barua hii ni ndefu.

Carama tulikwenda mimi na Shaabani, Jumamosi ya majuma mawili yaliyopita. Salvator, yule unayemwachia alime ili akulindie parseli, ameitunza kama yake. Kuna maharage, muhogo, na ua wa minyaa uliofunga vizuri pande zote. Hewa ni safi. Shaabani alianza kupima msingi kwa hatua zake, huku chumba cha Amira, huku cha Loïc, huku baraza. Kwa kweli hata mimi niliona nyumba imesimama.

Ilipofika saa kumi jioni mke wa Salvator akatoa godoro nje, akalikunja, akalifunga kamba. Nikatazama kwa jirani, na huko wanafunga mizigo. Njia yote ikajaa watu wanateremka, wamejitwika mikeka, sufuria, watoto mgongoni. Nikamwuliza binti wa Salvator, anaitwa Raïssa, ana umri wa Amira wako:

"Munaenda wapi na godoro?"

"Kulala mu kanisa, mama, kule chini. Kesho asubui tunarudi."

"Kila siku?"

"Apana. Siku baba anasema."

Hapo hapo mlio mkubwa ukasikika upande wa msitu. Mimi nikainama mpaka karibu na maharage. Yule mtoto akanicheka.

"Iyo ni mbali, mama. Iyo ya karibu unaisikia mu tumbo."

Alisema hivyo huku anafunga sufuria kwa kitenge. Shaabani akaacha kupima. Tuliteremka pamoja nao, Salvator akiomba radhi njia nzima kana kwamba ni yeye anayepiga mabomu. Ananisihi nikuambie usiuze parseli, siku zitakuja. Nami nasema usiuze. Ila watoto wako wasilale Carama mpaka watoto wa Salvator walale Carama.

Sasa Nyakabiga. Hapa, mdogo wangu, lazima nirudi nyuma miaka tisa.

Tulikuambia tulihama Nyakabiga mwaka 1995 ili Mama awe karibu na msikiti. Si kweli. Tulifukuzwa. Unajua Mama ni Mhutu, na wakati ule vijana walikuwa wanataka kartie ile, mtaa wote, ibaki na Watutsi peke yao. Nyumba moja leo, nyumba nyingine kesho. Sisi tulidhani jina la Baba litatukinga, kwa vile alikuwa amewashonea nguo nusu ya Nyakabiga.

Walikuja asubuhi, Baba yuko uani ananyoa ndevu. Walikuwa vijana sita, wana fimbo, mmoja ana grenedi mkononi anaichezea. Aliyetangulia mbele alikuwa Astère.

Ndiyo, Abou. Astère wako. Yule mliyecheza naye mpira, yule unayempigia simu kila sikukuu, yule uliyeandika kwamba ameshawatafutia watoto shule hapo hapo jirani na nyumba.

Akasema, "Mzee Shakuru, mutoke mbele ya saa sita, adhuhuri isiwakute hapa."

Baba akamtazama, wembe mkononi, akamwuliza, "Astère, umekula?" Maana tangu mtoto alikuwa anakunywa chai kwetu kabla ya kwenda shule. Astère akatazama chini. Mmoja wa wenzake akacheka.

Tulitoka na cherehani, Msahafu, sufuria mbili na blanketi. Baba alitembea mpaka Buyenzi na sabuni imekaukia shavu moja. Watu walikuwa wanatutazama barabarani, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia ajifute.

Alifariki baada ya miezi minne. Tulikuambia ni presha, na hilo ni kweli, daktari ndivyo alivyoandika. Ila hatukukuambia kwamba miezi hiyo yote hakutoka nje ya lango, hata Ijumaa. Sisi tulitaka kukuandikia, yeye akakataza. Alisema, "Abou yuko peke yake kule. Asianze kuchukia watu asiowaona." Akafa na neno hilo, nasi tukaliheshimu. Nisamehe kwa miaka hiyo. Kila uliponifikishia salamu za Astère kwenye simu, nilikuwa nasema "naye msalimie", kisha naenda kukaa kitako chumbani, mlango umefungwa.

Jumanne iliyopita nikaenda. Kutoka kwetu mpaka Nyakabiga ni mwendo mfupi tu, lakini miaka tisa nimekuwa nazunguka njia nyingine. Nilipofika nilidhani nimekosea, kwa sababu nyumba za kushoto na kulia, za wale waliofukuzwa kama sisi, zimebaki kuta tupu zinazoota majani. Ya kwetu ina mabati yake. Ina milango. Hata ile rangi ya buluu ya madirisha ipo.

Aliyefungua ni mama mmoja mjane, Mathilde, na wajukuu wawili nyuma ya sketi yake. Nikataja jina langu na la Baba. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakifuta kwa kanga aliyojifunga.

"Mi nilijua mutu atakuja siku moja," alisema. "Nyumba si yangu. Niliwekwa tu. Munipe siku kidogo, nitaenda kwa mutoto wangu, kule Ngagara."

Yeye naye alifukuzwa, Abou. Alikuwa na nyumba yake Kamenge, wakamwunguzia mwaka ule ule, kwa sababu kule walitaka wabaki Wahutu peke yao. Mumewe alibaki ndani. Na huyu Mathilde ni shangazi yake Astère. Nilikwenda na maneno yangu tayari mdomoni, nikakaa kwenye kile kiti nikampa pole ya mumewe.

Mtu akamwambia Astère kwamba nipo. Alikuja mbio, kisha akasimama barabarani, hakuvuka lango mpaka nilipomwita. Ana miaka thelathini na moja, na kichwa kina mvi. Hakunipa mkono.

"Dada Sijaona, mi ndiyo niliwafukuza."

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni."

"Wenzangu walitaka kuwavamia bila kuwaambia kitu. Nikasema apana, kwa mzee Shakuru nitaenda mi mwenyewe. Sisemi ivyo ili unisamehe. Nyumba zingine nilienda pia, na kule sikusema apana."

Nikamwuliza kwa nini alimweka Mathilde ndani.

"Ili wasing'oe mabati. Nyumba yenye mutu hawaigusi." Kisha akasema, "Umwambie Abou. Kila akipiga simu nataka kumwambia, yeye anaanza kucheka, anakumbuka mambo ya zamani, mi nashindwa."

Sikumsamehe, Abou, wala sikumtukana. Nilimwambia nitakuandikia, na mpaka utakapojibu asishughulike tena na habari za shule ya watoto. Akakubali kwa kichwa. Nikarudi nyumbani kwa ile njia fupi.

Mama alikuwa anachagua mchele. Nilimweleza yote, naye akaendelea kuchagua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Mi siendi kule, hata munibebe. Lakini Abou ni mutu mukubwa. Umwandikie yote. Na ile ya mabati pia, usiiache." Nami sikuiacha.

Sasa uliniuliza mawazo yangu. Nyakabiga leo hakuna atakayewafukuza. Pametulia, Candide angepapenda, kuna kivuli na duka kila kona. Lakini sitaki uingie nyumba ile na watoto bila kujua nani alisimama kwenye lango lake. Ukishajua, ukaamua kuingia, mimi nitakuja kuwapikia siku ya kwanza. Ukiamua kutoingia, sitakuuliza sababu. Ila neno moja nakuomba: usimtoe Mathilde kwa simu. Njoo umwone na macho yako.

Kwa mwaka wa kwanza, mimi naona mje hapa hapa kwenye avenue yetu. Mzee Mirindi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ana vyumba viwili na ua wake na bomba lake, vitakuwa wazi mwezi wa nane. Nimemwomba asimpe mtu. Watoto wangu wataamka na wa kwako, watakula pamoja, na baada ya miezi miwili Loïc atakuwa anagombana kwa Kiswahili. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani anasema nafasi mbili zipo, anataka tu vyeti vya kuzaliwa.

Sitakudanganya kwamba Buyenzi ni pepo. Gereji zinagonga mabati kutwa nzima, redio za majirani hazizimwi, na Candide kichwa kitamwuma mwezi wa kwanza wote. Mwaka jana mwezi wa saba, vita vilipoingia kusini ya mji, tulilala chini ya meza siku nne. Juzi Amira aliniuliza kwenye simu, "Shangazi, kwenu kuna vita?" nikamjibu hakuna. Naomba umwambie shangazi alisema uongo. Mwambie vimepungua sana, waasi wengine wametia sahihi mkataba wa amani, wengine bado, na kwamba ana haki ya kuogopa kabla hajaja.

Na kama wewe na Candide mtaona msubiri mwaka mmoja zaidi huko Liège, hakuna mtu hapa atakayesema mmetutupa. Najua umechoka na baridi na upweke. Najua unataka watoto wamwone bibi yao angali anawatambua. Lakini usirudi kwa kuona aibu. Rudi siku roho yako na ya mke wako zitakapokubaliana.

Nilitaka kuifunga barua hapa, lakini nimeacha kalamu kwa sababu ya kelele za mbwa, na sasa nimeishika tena. Astère yuko uani kwetu. Sikumwita, wala hakuna aliyemwita. Alibisha hodi, na Mama, aliye kwenye mkeka wake, akauliza ni nani kwa sababu ya macho yake, naye akataja jina. Shaabani akatoka chumbani kutazama. Kisha Mama akasema, "Kaa."

Akakaa chini, si kwenye kiti. Kisha Mama akamwambia maneno haya, nakuandikia kama yalivyotoka: "Mume wangu alikataa kukuchukia. Ile kazi akaniachia mi peke yangu. Miaka tisa. Nimechoka."

Astère amejifunika uso kwa mikono, analia. Mama hamwambii anyamaze, wala hamfukuzi. Nawaona wote wawili kupitia dirishani. Mimi mwenyewe sijui moyo wangu uko wapi, na sitaki kukusukuma wa kwako uende upande wowote. Nimekuandikia tu kwa sababu jambo hili linatokea, na ni haki yako kujua siku lilipotokea.

Shaabani anawasalimu sana, na watoto wangu wanauliza kama Loïc anaweza kucheza golikipa. Salvator wa Carama anatoa salamu. Mfikishie wifi Candide pole zangu kwa yote ambayo utamsomea, na uwabusu Amira na Loïc kwa ajili ya bibi yao. Mungu awape maelewano ndani ya nyumba, awaonyeshe mahali penu, na siku mtakayosafiri awatangulie njiani na kuwapokea mlangoni.

Ni mimi dada yako, ambaye kukuficha hakukuwa kutokukupenda,

Sijaona binti Shakuru