Raba Iliyo Ndani ya Kifurushi

Dada mpendwa,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na huyo mgeni wako tumboni anaendelea kukupiga mateke kama Mama anavyodai wewe ulivyompiga. Miguu bado inavimba? Huku tu wazima, ingawa wiki hii tuliponea chupuchupu, na ndiyo sababu nimeacha kazi nikuandikie.

Nisikuzungushe. Juzi asubuhi Baba alikuwa akimpeleka Mama kliniki kwa lile gari letu, Bikizee. Tangu wewe na shemeji muondoke, Baba hamruhusu mtu yeyote kuliendesha. Ule msumari nyuma ya mlango, shemeji alipokuwa akitundika ufunguo kila jioni, umebaki mtupu. Ufunguo unalala mfukoni mwa Baba. Basi pale njia panda aliingiza gea ya kwanza, akaachia klachi taratibu, mara kishindo chini ya boneti na gari likaruka mbele lenyewe, injini ikinguruma wala yeye hajagusa eksileta. Alikanyaga breki kwa nguvu zote, akazima swichi. Walisimama hatua moja tu kutoka ukuta wa duka. Mama akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu, mkoba kaukumbatia kifuani.

Gari likavutwa hadi gereji ninapofanya kazi. Baba alikuja nalo, uso kaukunja, akatangaza mbele ya mafundi wenzangu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mkwe wake, dereva anayekanyaga klachi kama anaua nyoka, na kwamba alifanya vizuri kumnyang'anya ufunguo. Wenzangu wakacheka. Mimi, dada, nikajifanya natafuta spana.

Nikafungua boneti. Nikamwomba Baba akae kwenye usukani, avute breki ya mkono, akanyage na ya mguu, aingize gea na kuachia klachi kidogo tu, nami nikasimama pembeni. Injini ikainuka upande wa kulia, ikarudi chini kwa kishindo. Hapo hata mwanafunzi wa wiki moja angejua kuwa maunti imekatika. Injini haikai chuma juu ya chuma. Inashikiliwa na maunti, vipande vya raba nene vilivyobanwa kati ya vyuma, navyo ndivyo vinavyomeza mtikisiko. Maunti moja ikikatika injini inacheza, na ya Bikizee ilipoinuka pale njia panda ilivuta waya wa eksileta.

Nikaweka ubao juu ya jeki nisije nikatoboa chini ya injini, nikainyanyua polepole, nikafungua bolti. Baba alikuwa ananimulikia tochi, pumzi zake shingoni mwangu. Raba ikatoka vipande viwili. Haikuwa imezeeka hata kidogo. Ilikuwa imejisokota upande mmoja kama nguo iliyokamuliwa. Nikaitia mfukoni mwa ovaroli kabla Baba hajauliza.

Maunti nyingine mbili nazo zilikuwa zimechoka kwa kubeba mzigo wa mwenzao, nikabadilisha zote tatu. Bolti nilizishikiza kwa vidole tu, nikashusha jeki, nikawasha injini itikisike kidogo, nikaizima, ndipo nikakaza. Baba akauliza kwa nini nakaza mwishoni. Nikamweleza kwamba injini lazima ikae kwanza kwa uzito wake, maana ukikaza ikiwa bado inaning'inia, raba inajisokota na haimalizi mwaka. Akanipiga bega, akasema ana bahati kuwa na mtoto fundi. Wallahi, afadhali angenizaba kofi.

Dada, ile maunti niliifunga mimi. Unakumbuka mwaka jana nililala chini ya Bikizee siku nzima? Jioni ile mpira ulikuwa unaanza na matundu ya bolti yalikataa kulingana. Nikalazimisha kwa mtaimbo, nikakaza injini ikiwa bado juu ya jeki, nikanawa mikono, nikakimbia. Miezi miwili baadaye shemeji alinifuata kwa upole wake ule, akasema injini inagonga akiingiza gea, akaniomba nitazame. Sikutazama. Niliogopa kukuta kazi yangu. Nikamcheka, nikamwambia ni mguu wake mzito, na usiku huo nikamwambia Baba vilevile. Hayo maneno ya kuua nyoka, Baba aliyapata kwangu. Kutoka hapo ndipo pakazuka ule ugomvi, mkafunga mizigo, na wewe ukaapa hutajifungulia katika nyumba ambamo mumeo anaitwa mharibifu. Mama anahesabu wiki zako kwa vidole, na mimi namtazama tu.

Jana mchana, tukiwa mezani, nikaitoa ile raba nikaiweka mbele ya Baba, nikasema yote. Mama akaweka kijiko chini. Baba akaigeuza mikononi, akaniuliza kama ni kweli shemeji aliniomba nitazame. Nikasema ni kweli. Akainuka, akatoka nje.

Raba yenyewe hiyo ndani ya kifurushi. Mpe shemeji aishike kwa mkono wake. Mwambie simwombi anisamehe leo. Kwanza anitukane mpaka aridhike, nimestahili. Ila wewe njoo nyumbani, dada. Njooni wote wawili kabla hamjawa watatu.

Mama anakusalimu sana, anasema usinyanyue ndoo. Msalimie shemeji, kama atakubali salamu zangu.

Mimi mdogo wako mwenye aibu,
Spana

Nyongeza: Baba aliitaka barua hii kabla sijaifunga. Ameisoma kwa kusimama, mara mbili, akanirudishia. Nilipokwenda kutafuta kamba ya kufungia kifurushi, nikaukuta ufunguo wa Bikizee unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.