Vidole Kumi na Bashraf Nzima

Al Amerat,
Maskati.
9 Novemba 2025

Mpendwa kaka yangu Sleiman,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na sukari haijapanda. Wifi yangu Balqis ameniambia umerudia visheti na chai ya maziwa. Leo sitakugombeza kwa hilo, nna jingine la kukugombeza. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Joto limevunjika, na jioni tunaweza kukaa uani bila ya kurowa jasho. Mgongo wa shemeji yako Hatem ni uleule, haumzidi wala haumwachi, na kwa daktari hataki kwenda kwa sababu anasema daktari mwenyewe mtoto.

Usishangae kupata karatasi badala ya sauti ya simu. Sauti zangu ndefu huzisikilizi, nakujua. Unasikia salamu tu, kisha unaniandikia "Inshallah". Karatasi utaisoma mpaka mwisho, maana hukuzoea kutupa kitu kilichoandikwa kwa mkono. Atakuletea Nawar, binti wa jirani yetu, anayekuja Unguja kumtazama bibi yake. Amebeba na halwa pia, na halwa hiyo ni ya Balqis, si yako.

Nianze na mpwa wako Ruba. Unamjua alivyo. Asubuhi anavuka mlima kwa gari kwenda ofisini, jioni anauvuka tena, na akifika nyumbani hali kwanza. Anakaa mbele ya piano. Miaka miwili mizima nyumba hii imeishi na kipande kimoja cha muziki. Alikitunga Mfaransa mmoja wa karne ya kumi na tisa, ambaye jina lake Ruba amenitajia mara nyingi na kila mara linanitoka. Mwanzo nilikichukia, nisikufiche. Naosha vyombo, kinapigwa. Naanua nguo, kinapigwa, tena pahala palepale, mara thelathini. Hatem alinunua vizibo vya masikio, alipoulizwa akasema vya kuogelea, na kuogelea hajui.

Siku moja nikamwuliza Ruba kipande hiki kina nini hata kiwe kizito hivi. Akaniita nitazame karatasi za noti. Mtunzi ameandika maneno juu ya mistari: hapa iwe kama okestra nzima, hapa kama tarumbeta, hapa kama ngoma. Kumbe bwana yule alitunga muziki wa okestra kubwa na fundi mmoja wa piano mbele yao, kisha okestra yenyewe hakuiweka. Kazi yote amempa mtu mmoja. Apige bashraf ya wote, ule muziki wa kufungulia kabla ya mwimbaji, kisha aimbe yeye, kisha ajiitikie mwenyewe. Nikamwuliza, "Na watu wengine wako wapi?" Akanionesha viganja vyake. "Wote wamo humu, mama." Kaka, viganja hivyo nimeviosha mimi kwa miaka.

Basi Alkhamisi ya tarehe 23 mwezi uliopita, baada ya alasiri, akakipiga mbele ya watu katika ukumbi mdogo huku mjini. Watu kama themanini, wamekaa kimya utadhani khutba ya Ijumaa. Mimi nilivaa buibui langu jipya, na kifuani nimechomeka kikuba cha asmini nilichokifunga mwenyewe, maana mwanangu hawezi kupanda jukwaani nami sinukii.

Akaanza. Yarabi, kaka! Nilikuwa nimekisikia vipande vipande kutoka jikoni, sijawahi kukisikia kizima. Mkono wa kushoto ulikuwa unapiga besi na ngoma, wa kulia fidla zote, na katikati kuna tarumbeta ambayo mpaka leo sijui ilikuwa inapigwa na kidole gani. Nikafumba macho. Wallahi niliwaona watu wa chama chenu cha taarab wamekaa kwa safu, kila mtu na chombo chake, na wewe mbele na kanuni yako ya nyaya mapajani. Ile ilikuwa bashraf, tena ndefu, ya watu wazima wanaojua wanachokifanya. Halafu okestra ikashuka, ikanyamaza, na ikapanda sauti moja peke yake. Mwimbaji kaingia.

Sasa, unaijua taratibu yetu. Mwimbaji akiingia vizuri, mtu ana moyo gani wa kukaa? Nikanyanyuka. Sikufikiri, miguu ilikwenda yenyewe. Nyuma yangu namsikia Hatem, "Kheiria! Wenda wapi wewe? Keti!" lakini nishafika mbele, nakwenda kwa maringo, mkono juu, kama tulivyokuwa tukienda kumtunza mwimbaji pesa zamani. Mkoba nimeuacha kwenye kiti. Nikachomoa kikuba kifuani nikakiweka pale juu ya piano. Na kigelegele nikapiga. Kimoja, kaka, lakini unakijua kigelegele changu.

Nilipogeuka nikaona nyuso themanini. Hakuna aliyenyanyuka isipokuwa mimi. Bwana mmoja wa ukumbini alikuwa anakuja kunishika mkono kwa adabu, kama anavyoshikwa mgonjwa. Nilirudi kitini nimejifunika mtandio mpaka puani. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikwambie kitu kimoja: Ruba hakusita hata pumzi moja. Okestra yake yote iliendelea kupiga, kama mlivyokuwa mkiendelea nyinyi wakati wanawake wamejaa mbele na hata mwimbaji haonekani. Alipiga karibu saa nzima, na alipomaliza watu walisimama, wengine wanalia. Mimi nilikuwa nalia tangu zamani, nusu kwa furaha na nusu kwa aibu.

Ndani ya gari nikamwomba radhi. Nikamwambia mama yako amekufedhehi. Akanishangaa. "Fedheha gani, mama? Mwaka wa pili huu natafuta waisikie okestra. Wale wote wamesikia piano. We peke yako ndo uloisikia okestra, mpaka ukenda kumtunza mwimbaji." Hatem akakohoa, akasema na yeye aliisikia, ila mgongo ulimzuia. Tulicheka mpaka gari ikapitiliza njia ya kupandia mlima, tukalazimika kuzunguka.

Namsifu mwanangu, na nitamsifu mpaka unichoke. Amekifanya hicho baada ya kazi, bila ya mtu kumlazimisha, na mikono yake si mikubwa, ni midogo kama yangu.

Sasa nije kwako. Mwezi wa tisa uliniambia kanuni yako umeiahidi hoteli, waitundike ukutani pale wageni wanapopokelewa, na taa juu yake. Wanakuja kuichukua mwisho wa mwezi huu. Ukasema Awadh wa fidla kafa, Sleyum wa filimbi ya nai kafa, wa ngoma ya dumbaki yuko kitandani hamjui mtu, na mtu mmoja hapigi taarab. Siku ile sikukujibu kwa sababu niliona umesema kweli. Sasa nimemsikia mtu mmoja akipiga watu hamsini, na sikukubalii tena.

Ruba ana ombi, na nimemwahidi nitalifikisha kwa mkono wangu. Amechukua likizo ya wiki tatu kuanzia tarehe 5 Disemba, anakuja kwako. Anataka ukae na kanuni yako umpigie nyimbo za chama, moja moja, na umwambie fidla walikuwa wakijibu wapi, nai ikiingia wapi, besi ikitembea vipi. Yeye ataandika yote, sehemu ya kila mtu, kisha atatazama vidole kumi vinabeba kiasi gani. Hakuna karatasi hata moja yenye nyimbo hizo, kaka. Zimo kichwani mwako tu, na kichwa chako kina miaka sabini na minne.

Najua utakalosema, kwamba piano haina zile robo za sauti, za baina ya noti na noti, itaziua nyimbo. Ruba amelisema kabla yako. Anajua nyingine zitakataa, na zitakazokataa ataziandika hivyohivyo kwa ajili ya mpigaji wa kanuni atakayekuja baadaye. Ndiyo maana anataka azisikie kutoka kwenye kanuni, tena ile yako, si ya mtu mwengine. Ukutani haitamwambia kitu.

La mwisho ni zito, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kaa kitako kwanza. Kanuni haimo ndani ya nyumba yako. Nilimpigia simu Balqis, nikamlilia, naye akaitoa juu ya kabati ulipokuwa msikitini, akaipeleka kwa dada yake Mwanakwerekwe. Imefunikwa kanga mbili, iko salama. Usimgombeze, kosa langu.

Nilidhani utapiga kelele siku ileile. Nilikaa na simu mkononi nikingoja matusi yako. Ikapita siku moja, ikapita ya pili. Leo ni siku ya tisa, Sleiman, na hujajua. Chombo ulichokuwa ukituzuia watoto hata kukipumulia, kimetoka ndani siku tisa na wewe hujanyanyua macho. Hilo limeniuma kuliko hoteli, na kuliko mauti ya wenzako. Basi nenda kaichukue mwenyewe. Uifunue, uitie sauti, uguse waya mmoja tu. Ukishamaliza kuusikiliza, kama bado unataka kuwapa, wape, na mimi sitakwambia neno.

Nisalimie Balqis kwa mapenzi yote, na dada yake wa Mwanakwerekwe, na wajukuu mmoja mmoja. Hatem anakusalimu, na Ruba anaibusu mikono yako miwili. Allah akupe umri wenye afya, akufungulie kifua, na atukutanishe katika kheri.

Dada yako akupendaye, hata ukiwa umekasirika,
Kheiria