Baba Shani Si Mshindani Wala Mwajiriwa

Jumatano. Joto la kukera, umeme hakuna, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Sura yangu ya nne imerudishwa tena. Tasnifu yangu inahusu namna maduka ya Kariakoo yanavyojiendesha, na duka nililolichunguza kwa karibu ni la mama yangu, la mapazia, Mtaa wa Kongo. Niliandika kwamba mama akienda msibani au kuswali, duka halifungwi. Anamwambia jirani, "Baba Shani, niangalizie," basi. Baba Shani naye anauza mapazia. Mteja akija kwa mama, anamuuzia ya mama, wakati ya kwake yananing'inia mlango wa pili.

Dokta, msimamizi wangu, kaandika pembeni kwa wino mwekundu: huyu jirani ni mshindani au mwajiriwa? Chagua kimoja.

Nichague nini jamani?

Nikamfuata ofisini. Shikamoo, marahaba, kisha akanionyesha jedwali kwenye kitabu cha ughaibuni, safu mbili tu: mshindani, mwajiriwa. Nikamwambia Baba Shani haingii humo.

"Basi andika kwamba duka halina mfumo," akasema. "La sivyo, mahafali ya mwaka huu usahau."

Na Dokta kazaliwa hapo Ilala! Si kwamba hajui. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nikaenda kumhadithia mama, nikitegemea tutakasirika wote. Wapi! Anakunja mapazia yake, ananijibu, "Andika wanavyotaka, mwanangu, upite. Sisi tunajijua."

Nilitaka kulia kwa hasira. Nilipolazwa na malaria, mama alishinda na mimi hospitali mpaka nikatoka, na duka halikufungwa hata siku moja. Leo niseme halina mfumo?

Nimewasha kompyuta, chaji yenyewe inaishia. Nimeandika: "Duka hili halina mfumo." Nimefuta. Nimeandika tena, maana joho nalitaka, sijifanyi shujaa.

Halafu nimekumbuka sare. Mama kashanunua vitenge vya mahafali yangu, na shati la Baba Shani limeshashonwa. Atakaa ukumbini na sare yake, anipigie makofi kwa tasnifu niliyomfuta ndani yake.

Hapana.

Nimenakili lile jedwali la Dokta, nimechora safu ya tatu, nimeandika juu yake "Jirani." Kesho nampelekea Dokta. Akikataa, shati litangoja.